UFUNDI KIJIJINI: Jiko Lipimwe kwa Kuni, si kwa Maneno

Mwezi huu tuzungumze juu ya chombo ambacho kila nyumba inacho. Si trekta. Si mashine ya kusaga. Ni jiko.

Labda utasema, "Jiko nalo lina ufundi gani? Mawe matatu, kuni na kiberiti, basi." Ngoja kidogo. Katika nchi nyingi wako wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni kuchunguza moto wa kupikia. Wanapima kuni. Wanapima moshi. Wanahesabu dakika mpaka maji yachemke.

Kwa nini wanajisumbua hivyo? Kwa sababu jiko baya linakula vitu vitatu. Linakula miti yetu. Linakula muda wa akina mama. Tena linakula mapafu ya watoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Moshi huo huleta kichomi, yaani nimonia. Huleta pia magonjwa ya moyo, kiharusi, na magonjwa ya mapafu. Kwa hiyo habari ya jiko si habari ndogo.

Siku hizi majiko mapya ni mengi. Yako ya udongo, ya bati, ya gesi na ya umeme. Kila mwenye jiko husema lake ndilo zuri. Wewe mpishi utamwamini nani? Ukurasa huu unataka kukupa jibu moja tu: usiamini maneno, pima. Kupima jiko si kazi ya wataalamu peke yao. Ukijua kusoma, kuandika na kutoa hesabu, unaweza kupima jiko lako nyumbani.

JOTO LINAKWENDA WAPI?

Nenda jikoni wakati wa kupika. Weka mkono wako kando ya mafiga, mbali kidogo. Unasikia joto? Joto hilo limetoka kwenye kuni zako. Lakini haliivishi maharage. Linapasha hewa.

Upepo ukipita chini ya sufuria, unachukua joto jingine. Mawe nayo yanachukua lake. Ardhi inachukua lake. Mvuke ukitoka kwenye sufuria isiyo na kifuniko, unaondoka na lake.

Wataalamu wamepima moto wa mafiga mara nyingi. Wameona kwamba kwa kawaida, tukigawa joto la kuni katika mafungu 100, mafungu 10 hadi 20 tu ndiyo yanayoingia katika chakula. Mengine yote yanapotea.

Fikiri juu ya mama anayetoka porini na mzigo wa kuni kichwani. Tuseme mzigo una vijiti 10. Kwenye mafiga, joto la kijiti kimoja au viwili ndilo linalopika chakula. Vile vingine amevibeba bure. Shingo imeumia bure.

MOTO UNA KAZI MBILI

Wahandisi wanasema moto wa jikoni una kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuunguza kuni zote ziishe kabisa. 
Kazi ya pili ni kupeleka joto kwenye sufuria.

Kazi hizi mbili si kitu kimoja. Tuone kwanza ile ya kwanza.

Kuni zikipata moto hutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayowaka na kufanya ndimi za moto. Ikikosa hewa ya kutosha, au ikipoa kabla ya kuwaka, haiungui. Inatoka ikiwa moshi. Basi moshi ni nini? Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Ni kuni zako zinazoruka hewani mbele ya macho yako.

Wahenga walisema penye moshi pana moto. Ni kweli. Lakini fundi wa majiko ataongeza: penye moshi mwingi, moto una kasoro.

Sasa kazi ya pili. Moto unaweza kuwaka vizuri sana, bila moshi, na bado joto lisifike kwenye sufuria. Labda sufuria iko juu mno. Labda upepo unapeperusha ndimi za moto. Labda kuta za jiko zinanywa joto lote. Jiko zuri lazima lifanye kazi zote mbili.

WATAALAMU NAO WALIKOSEA

Tutakusimulia habari moja ya kweli. Ni habari ya makosa ya watu waliosoma, na inafaa tuisikie.

Mwaka 1976 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga nchi ya Guatemala, katika Amerika ya Kati. Nyumba nyingi zilianguka. Wakati ule wataalamu walibuni jiko la kujengwa kwa tope na mchanga. Waliliita Lorena. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kispania, moja maana yake tope na jingine mchanga. Lilikuwa jiko kubwa, zito, lenye mashimo ya sufuria na bomba la kutolea moshi. Lilipendeza macho. Habari zake zikaenea katika nchi nyingi, hata Afrika. Watu walifundishwa kujenga majiko mazito ya tope wakiambiwa kwamba yanaokoa kuni.

Baadaye, katika miaka ya 1980, wahandisi walianza kuyapima kwa mizani. Wakashangaa. Mengi ya majiko yale hayakuokoa kuni. Mengine yalikula kuni nyingi kuliko mafiga yanayotunzwa na mpishi hodari.

Kwa nini? Kwa sababu tope zito hunywa joto. Kabla sufuria haijapata moto, lile lundo la tope lazima lipate moto kwanza. Ukimaliza kupika, gusa ukuta wa nje wa jiko la namna hiyo. Kama una joto, hizo ni kuni zako ziko ndani ya ukuta.

Jiko la Lorena lilikuwa na faida yake. Bomba lilitoa moshi nje, mpishi akapumua. Lakini ahadi ya kuokoa kuni haikutimia. Kosa lilikuwa nini? Watu walitangaza jiko kabla ya kulipima. Na wapishi waliosema, "Mbona kuni zinaisha upesi?" hawakusikilizwa mapema.

Baada ya kuona hayo, mhandisi mmoja Mmarekani, Larry Winiarski, alianza mwaka 1982 kutengeneza jiko la namna nyingine. Katika jiko lake kuni zinaingia kwa mlango mdogo wa pembeni. Moto unapanda katika njia fupi iliyosimama chini ya sufuria. Njia hiyo imezungukwa na vitu vyepesi, kama majivu au tofali nyepesi. Vitu vyepesi vyenye hewa ndani yake havinywi joto upesi. Moto unabaki mkali, na gesi ya kuni inaungua kabla haijawa moshi. Majiko mengi ya kuni yanayotengenezwa leo yanafuata wazo hilo.

MAFIGA MATATU YA MOTO MZURI

Figa moja haliinjiki chungu. Vivyo hivyo jambo moja halitoshi kufanya moto mzuri. Yanahitajika mambo matatu. Yote matatu unaweza kuyaanza leo, hata kama huna jiko jipya.

Figa la kwanza: kuni kavu.

Kuni iliyokatwa leo ina maji mengi. Mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiitia motoni, moto unaanza kwanza kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni. Hapo unapika kuni, hupiki chakula. Kwa hiyo kusanya kuni mapema. Zichanje ziwe nyembamba. Zipange kwenye kichanja, chini ya paa, mahali pa upepo. Usizilaze chini penye unyevu. Kuni nyembamba hukauka upesi, tena huwaka vizuri.

Figa la pili: hewa.

Moto unahitaji kupumua kama wewe. Usijaze kuni mlangoni mwa jiko mpaka hewa ikose njia. Tia vijiti vichache, usukume ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua. Ondoa majivu yakijaa. Lakini upepo mkali nao si mzuri, maana unapeleka joto mbali na sufuria. Zuia upepo, usizuie hewa.

Figa la tatu: sufuria iwe mahali pake.

Ndimi za moto ziguse tako la sufuria. Sufuria ikiwa juu mno, joto linatawanyika. Ikiwa chini mno, moto unabanwa na moshi unaongezeka. Majiko mazuri yana ukingo unaozunguka sufuria, na kati ya ukingo na sufuria pana nafasi ndogo tu. Joto linapanda kwa kulamba mbavu za sufuria.

Tena, funika sufuria. Na ukumbuke jambo hili: maji yakishachemka, hayazidi kupata joto hata ukiongeza kuni. Yatageuka mvuke tu, upesi zaidi. Kwa hiyo chakula kikianza kuchemka, punguza moto. Toa vinga viwili, uvizime kwa mchanga, uvitumie kesho. Maharage nayo yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia maji mapya, injika. Yataiva kwa muda mfupi zaidi.

MFANO WA MAFUNDI WA KENYA

Sasa tuone jiko lililofaulu. Wengi wenu mmeliona sokoni. Ni lile jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Juu ni pana, chini ni pana, kiunoni ni jembamba.

Jiko hilo lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la kutia udongo wa kuchoma ndani ya jiko lilitoka Thailand, katika bara la Asia. Lakini wataalamu na mafundi wa Kenya hawakuliiga tu. Walilibadilisha lifae wapishi wa kwao. Ugali husongwa kwa nguvu. Jiko likiwa na chini nyembamba litapinduka. Kwa hiyo likapewa tako pana.

Mafundi wa jua kali wa Nairobi ndio waliolitengeneza kwa wingi. Wafinyanzi walifinyanga sehemu ya ndani, mafundi bati wakakunja sehemu ya nje. Udongo wa ndani unazuia joto lisitoke kwa ubavuni. Likilinganishwa na jiko la bati tupu, linaweza kuokoa robo ya mkaa, na wakati mwingine karibu nusu. Leo linatumika katika nchi nyingi za Afrika.

Lakini usisahau mambo mawili juu ya mkaa.

Kwanza, mkaa unatoka kwenye miti. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo moja ya mkaa inaweza kutumia kilo 5 hadi 10 za kuni. Joto jingi linapotea kule porini, kabla mkaa haujafika jikoni.

Pili, mkaa hauna moshi mwingi, lakini una sumu. Mkaa ukiwaka hutoa gesi isiyoonekana na isiyo na harufu. Gesi hiyo huua. Usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Usilale nalo ndani hata kama ni usiku wa baridi kali. Watu hulala wasiamke.

JINSI YA KUPIMA JIKO LAKO

Sasa tufike kwenye kazi. Wataalamu wana vipimo vingi. Kimoja ni kupika chakula kile kile katika majiko mawili na kulinganisha kuni. Kipimo hiki unaweza kukifanya wewe. Kifanyeni pamoja, kina mama na kina baba. Mtahitaji mizani ya dukani, saa, daftari na kalamu.

1. Chagueni chakula kimoja. Kwa mfano, kilo moja ya maharage yaliyolowekwa. Pimeni pia maji, yawe sawa kila mara.

2. Tumieni sufuria ile ile, yenye kifuniko kile kile. Mpishi naye awe yule yule.

3. Tumieni kuni za mti mmoja, zilizokauka sawasawa. Pimeni kuni kabla ya kuwasha. Andikeni.

4. Washeni moto. Andikeni saa. Pikeni mpaka chakula kiive. Andikeni saa tena.

5. Zimeni moto. Kusanyeni kuni zilizobaki, mkung'ute makaa, mzipime. Andikeni.

6. Toeni: kuni za mwanzo kutoa kuni zilizobaki. Hizo ndizo kuni zilizotumika.

7. Fanyeni hivyo mara tatu kwa mafiga na mara tatu kwa jiko jipya, katika siku mbalimbali. Mara moja haitoshi. Siku moja upepo ni mkali, siku nyingine umetulia.

Tutoe hesabu ya mfano. Tuseme kwenye mafiga mlianza na kilo 6 zikabaki kilo 2.

6 kutoa 2 ni 4. 
Zimetumika kilo 4.

Kwenye jiko jipya mlianza na kilo 6 zikabaki kilo 3.

6 kutoa 3 ni 3. 
Zimetumika kilo 3.

Jiko jipya limeokoa kilo 1 katika kila kilo 4. Hiyo ni robo. Mama aliyekuwa akienda kuni mara nne kwa juma, sasa ataenda mara tatu. Safari moja nzima imeokoka. Siku hiyo anaweza kupalilia, kusoma, au kupumzika.

Kama hamna mizani, fungeni mafungu ya kuni yaliyo sawa kwa kamba ya urefu mmoja. Hesabuni mafungu. Haitakuwa sahihi kama mizani, lakini itawaonyesha tofauti iliyo kubwa.

Mwisho, mwulizeni mpishi. Je, jiko linatikisika? Mlango wake ni mdogo mno? Je, sufuria kubwa ya shughuli inakaa? Jiko linalookoa kuni lakini linamsumbua mpishi litawekwa pembeni, kuku watagie mayai ndani yake.

KUOKOA KUNI SI SAWA NA KUONDOA MOSHI

Hapa, ndugu msomaji, tafadhali soma polepole. Jiko linaweza kuokoa kuni nyingi na bado likatoa moshi unaodhuru. Moshi mbaya kuliko wote una chembe ndogo mno. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara 20 au zaidi kuliko chembe hizo. Kwa kuwa ni ndogo, zinapita kooni na kuzama ndani kabisa ya mapafu. Macho hayawezi kuzipima.

Uchunguzi mmoja ulifanywa Guatemala kati ya mwaka 2002 na 2004. Nyumba 534 zilishiriki. Baadhi zilipewa majiko yenye bomba la moshi. Nyingine ziliendelea na moto wa wazi, zikaahidiwa jiko baadaye. Moshi uliowafikia watoto ulipungua karibu nusu. Je, kichomi kilipungua? Kichomi kwa jumla hakikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Lakini kichomi kikali, kile cha hatari zaidi, kilipungua kwa karibu theluthi moja.

Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanywa kwa jirani zetu wa Malawi, katika wilaya za Karonga na Chikwawa. Watoto zaidi ya 10,000 walifuatiliwa. Nusu ya vijiji vilipewa majiko mapya ya kuni yenye feni ndogo ya kupulizia moto. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Kichomi cha watoto hakikupungua.

Je, ina maana moshi hauna madhara? La, hasha. Watafiti walieleza kwamba moshi ulitoka mahali pengi. Watu walichoma takataka. Walivuta tumbaku. Baadhi ya majiko yaliharibika. Hebu jiulize, ukifagia chumba kimoja na kuacha vumbi katika vyumba vingine vitatu, je, nyumba imekuwa safi?

Tunajifunza nini? Kupunguza moshi ni vizuri, lakini kupunguza kidogo hakutoshi kumkinga mtoto. Lazima tupunguze sana, na tupunguze kila mahali. Kwa hiyo, kama unapika kwa kuni:

Fungua madirisha na acha nafasi ya moshi kutoka juu ya ukuta. 
Pika nje au kwenye banda wakati hakuna mvua. 
Usimbebe mtoto mgongoni ukiwa unapuliza moto. Mpe mwenzako amshike. Kina baba, kazi hiyo ni yenu pia. 
Usichome takataka na plastiki karibu na nyumba. 
Usivute sigara ndani. 
Mtoto akihema haraka haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

SUFURIA YA UMEME

Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Nishati safi maana yake ni kama gesi, umeme au gesi ya samadi.

Huenda umesikia watu wakisema, "Umeme ni ghali, haufai kupikia." Watafiti hawakutaka kubishana kwa maneno. Mwaka 2018 waliomba baadhi ya kaya za Dar es Salaam waandike katika daftari kila chakula walichopika: walipika nini, kwa muda gani, na nishati kiasi gani ilitumika. Kwanza walipika kama walivyozoea. Halafu walipika kwa umeme, wakiandika vile vile. Kazi kama hiyo ilifanyika Kenya na Zambia pia.

Iligunduliwa nini? Vyakula vigumu kama maharage na makande, vikipikwa katika sufuria ya umeme yenye presha, vinatumia umeme kidogo. Nusu kilo ya maharage inaweza kuiva kwa chini ya yuniti moja ya umeme. Siri yake ni ipi? Ni ile ile tuliyoisema. Sufuria hiyo imefungwa, mvuke hautoki. Imevikwa koti, joto halitoki. Presha ya ndani inafanya chakula kiive upesi. Joto likishatosha, umeme unajizima wenyewe.

Umeme sasa umefika katika vijiji vingi. Lakini kufika kijijini si sawa na kufika jikoni. Sufuria hiyo ina bei yake, na waya za nyumba lazima ziwe nzima. Kwa hiyo nayo ipimwe. Kama kikundi chenu kina fedha kidogo, nunueni moja ya majaribio. Soma namba za mita kabla ya kupika na baada ya kupika. Toeni hesabu kama mlivyofanya kwa kuni. Kisha linganisheni shilingi za umeme na shilingi za mkaa, au na muda wa kwenda kuni.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, mafiga, jiko la udongo, jiko la bati na sufuria ya umeme vyote viko chini ya sheria moja. Joto lililolipiwa kwa jasho au kwa shilingi liingie katika chakula. Lisipotee njiani, wala lisiingie katika mapafu ya mtu.

Katika miaka ijayo watakuja wengi kijijini wakiwa na majiko ya kuuza au ya kugawa. Wapokeeni kwa heshima. Wapeni kiti. Kisha leteni mizani na daftari, mwambieni mgeni, "Karibu. Tupike maharage pamoja." Mwenye jiko zuri atafurahi. Mwenye jiko baya atakumbuka kwamba ana safari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Moshi ni nini? Unatokea kwa sababu gani?
2. Kwa nini majiko mazito ya tope hayakuokoa kuni?
3. Yataje mafiga matatu ya moto mzuri. Lipi halipo jikoni kwenu?
4. Mama ameanza na kilo 8 za kuni, zimebaki kilo 3. Ametumia kilo ngapi?
5. Katika kijiji chenu, nani anaenda kuni? Anatumia saa ngapi kwa juma? Nani anaamua kununua jiko? Je, ni mtu yule yule?

Swali la tano lijadiliwe na wanaume na wanawake wakiwa pamoja.

Tukutane mwezi ujao.